Mtoto mchanga: maji sasa, au wakfu kwanza?

Binti yetu alikuwa na wiki tano mama yangu alipopiga simu kutoka Same. Hakuuliza habari za kliniki wala kitovu. Salamu zilipoisha tu akasema: "Baba, mtoto keshapata maji?" Jioni ileile mama mkwe, aliyekuja kutoka Mwanza kumlea mzazi, alikuwa jikoni anakoroga uji wa pilipili manga. Bila kuinua macho akaniambia: "Mkwe, kanisani kwa mwenzio watoto wanawekwa wakfu Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mchungaji ameshaambiwa."

Mimi ni Mluteri wa kuzaliwa. Mke wangu amekulia kwa Wapentekoste. Kabla ya ndoa tulijadili mahari, kodi ya nyumba, hata nani atakuwa analipia king'amuzi. Suala la mtoto tuliliahirisha kwa neno moja: tutaona. Basi tukaomba tarehe zote zisogezwe, na miezi mitatu iliyofuata ndiyo ikawa ya kuona. Nilisoma, nikakaa na wachungaji wawili na katekista mmoja, nikahudhuria ibada za pande zote mbili. Haya ndiyo niliyoyakuta, kwa ajili ya wazazi walioko pale tulipokuwa sisi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilidhani ni njia mbili za kufanya jambo moja, ila moja ina maji na nyingine haina. Sivyo. Kwenye ubatizo wa mtoto mchanga, anayetenda ni Mungu: anampokea mtoto, anampa neema, na mtoto atakuja kujibu akishakua. Kwenye kuwekwa wakfu, wanaotenda ni wazazi: wanashukuru, wanamkabidhi mtoto, wanaahidi kumlea katika njia ya Bwana, na maji yanamngoja mtoto mwenyewe aje kuyaomba kwa kinywa chake. Mabishano mengine yote, ya vikombe na mabwawa, ya vyeti na majina, yanaanzia hapo.

Jumapili mbili

Ibada ya kwanza ilikuwa ya usharika wa Kilutheri, watoto saba mfululizo. Wazazi na wasimamizi walisimama mstari mmoja mbele ya birika la ubatizo, wakaulizwa kama wanamkataa shetani na kazi zake zote, wakaungama Imani ya Mitume pamoja na usharika mzima. Mchungaji akauliza jina, akachota maji kwa kiganja mara tatu: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto wa tatu alipiga chafya katikati ya Mwana na Roho Mtakatifu, na mchungaji akangoja amalize. Kitambaa cheupe, wimbo, picha. Yote hayo hayakuchukua hata nusu saa. Kwa Wakatoliki ingeongezwa mafuta ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kabla ya maji na mafuta ya krisma baada yake, pamoja na mshumaa mdogo unaowashwa kutoka ule mkubwa wa Pasaka.

Kwa upande huu maneno si pambo. Mwaka 2020 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo uliofanywa kwa kusema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza" si ubatizo, na aliyebatizwa hivyo abatizwe upya. Niliposoma hilo nilicheka, kisha nikaelewa. Ukiamini kwamba Mungu anatenda kitu pale, huwezi kubadilisha maneno ili yapendeze wageni.

Jumapili ya pili nilikuwa kanisani kwa mke wangu. Mchungaji alisoma habari za Hana, mama yake Samweli, akawaita wazazi wa watoto wawili madhabahuni, akamchukua wa kwanza mikononi kama mtu aliyezoea kulea. Akawauliza wazazi: mtamfundisha Neno, mtamwombea, mtaishi maisha ya mfano mbele yake? Wakajibu. Kanisa zima likasimama na kunyoosha mikono. Tone la mafuta kwenye paji la uso, maombi marefu yenye sauti, na mtoto, aliyekuwa macho muda wote, akakamata kipaza sauti na kukivuta mdomoni, spika zikakoroma. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyetaja dhambi ya asili, ile ambayo mtu anasemwa kuzaliwa nayo, wala kusema kwamba mtoto amezaliwa mara ya pili. Hayo yatasemwa siku ya maji mengi.

Neno lenyewe, wakfu, lina utamu wake. Tumelipata kwa Kiarabu, na kwa majirani zetu Waislamu ni mali iliyotengwa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi. Sidhani kama kuna lugha nyingi zinazolipa tendo hili jina zito kiasi hicho.

Mistari ileile, masomo mawili

Ajabu iliyonikaa ni kwamba ibada zote mbili zilisoma Marko 10: "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie." Luka anaposimulia habari hiyo (18:15) anasema wazi kwamba walikuwa watoto wachanga, kwa hiyo hoja kwamba ni wale wa kujitembelea wenyewe haifiki mbali. Lakini Yesu aliwafanyia nini? Aliwakumbatia, akaweka mikono juu yao, akawabariki. Maji hayapo. Kwa tendo, kifungu kinafanana zaidi na kuwekwa wakfu. Kwa lile neno "msiwazuie", wabatizaji wa watoto wana haki ya kuuliza: kama ufalme ni wao, kwa nini wanyimwe alama yake? Wanaongeza kwamba towashi Mwethiopia alipoona maji njiani aliuliza hivyohivyo: ni nini kinachonizuia?

Halafu kuna zile nyumba. Lidia alibatizwa yeye na nyumba yake, mlinzi wa gereza kule Filipi vilevile, na Paulo anakumbuka kwamba aliibatiza nyumba ya Stefana. Biblia haisemi kulikuwa na wachanga ndani, wala haisemi hawakuwamo. Na Matendo 2:39 inasema ahadi ni "kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu". Wapresbiteri hapa ndipo wanaposimama imara kuliko wote: kama mtoto wa Israeli alitahiriwa siku ya nane kabla hajajua agano ni nini, mtoto wa Mkristo atawekwaje nje ya agano lililo bora zaidi? Wanaunganisha na Wakolosai 2:11-12, ambako tohara na ubatizo vinatajwa kwa pumzi moja.

Upande wa pili wanajibu kwa mpangilio wa maneno. "Aaminiye na kubatizwa." Tubuni, mkabatizwe. Kila ubatizo uliosimuliwa kwa kirefu katika Matendo una mtu anayesikia, anayeamini, kisha anayeshuka majini. Mtoto wa wiki sita hawezi kutubu, na kwao hana cha kutubia.

Mimi nimeona kila upande una tundu lake na haupendi kulionyesha. Wabatizaji wa watoto hawana mstari hata mmoja unaomtaja mchanga akibatizwa. Lakini wanaoweka wakfu nao hawana mstari unaomwonyesha mtoto wa Wakristo akisubiri hadi akue ndipo abatizwe. Na ibada yenyewe ya wakfu imeshonwa kwa vipande: Hana alimpeleka Samweli akiwa ameshaachishwa ziwa, akamwacha Shilo moja kwa moja, jambo ambalo hakuna mzazi niliyemwona akilifanya. Yusufu na Mariamu walimpeleka Yesu hekaluni kwa sheria ya mzaliwa wa kwanza, naye alikuwa ameshatahiriwa siku ya nane. Atakayekwambia upande wake uko wazi kama mchana katika Biblia, msikilize kwa heshima, kisha usome mwenyewe.

Nani yuko wapi

Wanaobatiza wachanga: Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, Waanglikana, Wamoravian, Wamethodisti, Wapresbiteri. Wasidhaniwe kuwa na sababu moja. Mkatoliki atakwambia kwanza habari ya dhambi ya asili, na sheria ya Kanisa lake ya mwaka 1983 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa ndani ya wiki za kwanza. Mluteri atakuonyesha Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, linalosema watoto wabatizwe na kupokelewa katika neema ya Mungu. Luther mwenyewe alibatizwa siku moja baada ya kuzaliwa, tarehe 11 Novemba 1483, sikukuu ya Mtakatifu Martin, ndiyo maana akaitwa Martin. Mpresbiteri, kama nilivyosema, atazungumzia agano.

Wanaoweka wakfu au kubariki, na kubatiza anayeamini: Wapentekoste karibu wote, Wabaptisti, Africa Inland Church, Wamenno, Wasabato. Kwetu Upare hili si somo la vitabuni. Wasabato waliingia Upare kusini mwaka 1903, na kuna koo ambazo kwenye msiba mmoja utakuta nusu walibatizwa wakiwa wachanga na nusu walizamishwa mtoni wakiwa na ndevu.

Na msidanganyike kwamba tofauti ni wingi wa maji. Waorthodoksi wanamzamisha mtoto mchanga mara tatu, mzimamzima, kisha wanampaka krisma na kumpa komunyo siku hiyohiyo. Jeshi la Wokovu linaweka watoto wakfu lakini halibatizi kwa maji mtu yeyote, mdogo wala mkubwa. Marafiki (Quakers), ambao misheni yao ilianza Kaimosi magharibi mwa Kenya mwaka 1902, nao hawana ubatizo wa maji. Kanisa la Nazarene linakubali yote mawili na kuwaachia wazazi wachague. Kanisa la Uingereza lina ibada ya shukrani kwa ajili ya mtoto kwa wazazi wasio tayari kwa ubatizo. Nilipomsomea mke wangu orodha hii alisema, "Kwa hiyo si sisi wa kwanza kugombana."

Mwafrika aliyefanyiwa kama wakfu, akatetea maji

Sisi si wa kwanza kweli, na ugomvi huu una mizizi barani kwetu kuliko watu wanavyojua. Karibu mwaka 200, Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, katika Tunisia ya leo, alishauri watoto wacheleweshwe. Umri usio na hatia, aliuliza, unakimbilia nini kwenye ondoleo la dhambi? Aliwaonea huruma hata wasimamizi: wanaahidi mambo ambayo kifo chao, au tabia ya mtoto akikua, itayavunja. Lakini onyo lake linatuonyesha pia kwamba watoto walikuwa tayari wanabatizwa, la sivyo angemwonya nani? Nusu karne baadaye, askofu Fido aliuliza kama mtoto angojewe hadi siku ya nane, kwa mfano wa tohara. Sipriano, askofu wa Karthago hiyohiyo, pamoja na maaskofu 66 wakamjibu asingojewe hata siku hizo.

Mtu wa kukaa naye zaidi ni Augustino. Alizaliwa mwaka 354 Tagaste, Algeria ya leo, mama yake Monika akiwa Mkristo wa kweli kweli. Akiwa mchanga hakubatizwa. Alitiwa ishara ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, yaani aliandikishwa kama mkatekumeni, mtu aliye njiani. Ukilitazama vizuri, kile kilikuwa kitu cha katikati: Kanisa limemshika mtoto, lakini maji bado. Akiwa kijana mdogo akashikwa na tumbo hadi kufikiriwa kufa, akaomba abatizwe, mama yake akaanza kuhangaika kuandaa. Ghafla akapona, na ubatizo ukaahirishwa. Sababu? Walidhani dhambi baada ya ubatizo ni nzito zaidi, kwa hiyo bora amalize ujana kwanza. Anakumbuka katika Maungamo yake jinsi watu walivyokuwa wakisema juu ya vijana: mwache afanye apendavyo, bado hajabatizwa. Naye anauliza: kwa mwili mgonjwa tungesema, mwache azidi kujeruhiwa, bado hajapona?

Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387 kule Milano, akibatizwa na Ambrosio, askofu wa mji huo, pamoja na mwanawe wa kumzaa. Alikuwa na miaka 32. Na huyuhuyu, aliyeonja faida zote za kuja kwa miguu yake mwenyewe, ndiye aliyekuja kuwa mtetezi mkubwa kuliko wote wa kubatiza wachanga katika Kanisa la Magharibi.

Wapo wanaomtumia Augustino kama rungu. Mimi namtumia kwa maswali mawili. Kwa anayetaka wakfu: je, "tunamwachia achague" kwenu kunamaanisha nini siku za kawaida? Kunaweza kumaanisha kumlea kwa bidii hadi aombe mwenyewe. Kunaweza pia kumaanisha "mwache, bado hajabatizwa". Kwa anayetaka maji: ukishambatiza, una habari na Monika, yaani yule mama aliyelia na kuomba miaka yote iliyofuata? Maana yeye hakuwa na cheti cha kumtuliza.

Kuna na rai ya katikati iliyosahaulika. Gregori wa Nazianzo, mwaka 381, alisema kama hakuna hatari, mtoto angojewe hadi miaka mitatu hivi, aweze kusikia na kujibu kidogo. Nilimtajia katekista, akasema mtoto wa miaka mitatu atakimbia birika. Hilo nalo ni kweli.

Kisichorudiwa

Kama ningepewa nafasi ya kumwambia mzazi jambo moja tu la kupima, lingekuwa hili. Ubatizo haurudiwi. Kuwekwa wakfu hakufungi mlango wowote.

Mtoto aliyewekwa wakfu akitaka kuwa Mluteri au Mkatoliki baadaye, atafundishwa na kubatizwa, basi. Katika madarasa ya kipaimara huwa wapo wasiobatizwa, wanabatizwa kwanza ndipo wanabarikiwa. Lakini mtoto aliyebatizwa akiwa mchanga, akihamia kwa Wapentekoste au Wasabato ukubwani, ataambiwa ashuke kwenye maji mengi. Kwao huo ndio ubatizo wa kwanza, yale mengine yalikuwa kunyunyiziwa. Kwa kanisa alikotoka, huko ni kudharau kazi ya Mungu, na mara nyingi anahesabiwa amejitoa.

Tuna binamu aliyezamishwa baharini hapa Dar es Salaam akiwa na miaka 24. Alirudi kijijini na furaha tele, akamsimulia bibi yake. Bibi alikuwa anachambua maharage. Akaacha, akamtazama, akasema: "Kwa hiyo nilivyokubeba mgongoni kutoka mlimani mpaka kanisani, mvua ikininyeshea, tulikuwa tunacheza?" Hakukasirika. Ndilo lililoumiza. Binamu hadi leo anasema hajui angemjibu nini.

Zamani swali hili liliua watu. Januari 1525 kule Zürich, Uswisi, kikundi kidogo cha waumini waliokuwa wamebatizwa utotoni walibatizana upya sebuleni. Miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, alifungwa kamba na kuzamishwa katika mto Limmat hadi akafa, adhabu iliyochaguliwa kwa kejeli: umetaka maji, haya maji. Wamenno wa Shirati, mkoani Mara, ambako misheni yao ilifika mwaka 1934, ni kizazi cha imani ile. Kwa hiyo mama mkwe anapong'ang'ania wakfu, si ukaidi wa uzazi tu. Nyuma yake kuna watu waliolipa.

Swali ambalo hakuna anayelisema kwa sauti

Je, mtoto akifa? Kina mama wote wawili walilizunguka hili kama jiko la moto, na nadhani ndilo lililokuwa ndani ya simu ya mama yangu.

Kwa muda mrefu Wakatoliki walisikia habari za limbo, mahali pa watoto wasiobatizwa, pasipo mateso wala kumwona Mungu. Halikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani. Katekisimu ya sasa inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya kitaalimungu ya Vatikani ilieleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa wanaokolewa. Luther mwaka 1542 aliwaandikia wanawake waliopoteza mimba maneno ya faraja: kilio cha mama Mkristo, hata kisicho na maneno, ni sala ambayo Mungu anaisikia kwa ajili ya mtoto yule. Na kwa Wapentekoste, Wabaptisti na wenzao, mtoto asiyefikia umri wa kupambanua yuko salama mikononi mwa Mungu. Hawana haraka kwa sababu hawaoni hatari. Kwa hiyo ukichagua maji, usiyachague kwa hofu ya moto. Hakuna upande unaokudai hivyo leo.

Bado, penye hatari ya kifo, Wakatoliki na Walutheri wanaruhusu Mkristo yeyote abatize, muuguzi hata baba mwenyewe: maji ya kawaida na yale maneno, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Ubatizo huo unahesabika, wala haurudiwi mtoto akipona. Kwa Wakatoliki sheria inaenda mbali zaidi: hata asiye Mkristo anaweza, alimradi ana nia ya kufanya lile Kanisa linalofanya.

Karatasi, wasimamizi, sufuria

Hapa nipite haraka, ingawa ndipo fedha zinapokwenda. Ubatizo unaandikwa kitabuni na una cheti, na kwa Wakatoliki kitabu cha parokia uliyobatizwa kinakufuata maisha yote: kipaimara, ndoa, upadre, vyote vinarudi kuandikwa pembeni ya jina lako. Ukitaka kufunga ndoa mbali na kwenu, utaagiza cheti kipya kutoka huko. Vyeti hivyo vimewasaidia watu wengi pia walipofuatilia cheti cha kuzaliwa wakiwa watu wazima. Wakfu hukupa kadi nzuri, basi. Kadi hiyo haitaulizwa popote.

Wasimamizi wa Kikatoliki wawe na angalau miaka 16, wawe wamepata kipaimara, na wasiwe baba wala mama wa mtoto. Mmoja anatosha, wakiwa wawili wawe mwanamume na mwanamke. Chagua mtu atakayempigia mtoto simu, siyo mwenye gari. Kwenye wakfu hakuna wasimamizi rasmi, kanisa lote ndilo linaahidi, na ahadi ya wote, tunajua wenyewe, ni rahisi kuwa ahadi ya hakuna mtu.

Jambo moja la mapema: ukienda kuomba ubatizo, tarajia kuulizwa habari za ndoa yenu, jumuiya na michango. Ofisi moja ya kanisa ilituzungusha wiki mbili kwa karatasi ambayo ilikuwa mezani kwao. Uliza mahitaji yote siku ya kwanza, uyaandike.

Ningekushauri vipi

Kama nyote wawili mmetoka kanisa linalobatiza wachanga na mnaliamini, mbatizeni, na msisubiri fedha za pilau. Sijaona faida ya Mluteri au Mkatoliki kuweka wakfu ili aonekane wa kisasa. Lakini mkijua moyoni kwamba baada ya sherehe mtoto hataliona kanisa hadi msiba, ongeeni na mchungaji kwanza. Hata sheria ya Kikatoliki inataka pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Lisipokuwepo kabisa, ubatizo unaahirishwa.

Kama mmoja wenu ni Mkatoliki na mlifunga ndoa ya mseto, angalieni mlichokubali: upande wa Katoliki huahidi kufanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake huarifiwa. Msigeuke wageni wa ahadi hiyo mtoto akishazaliwa.

Kama wote mnaamini ubatizo ni wa anayeungama, wekeni wakfu bila kuona haya mbele ya ukoo. Ila mpange mapema nani atamfundisha mtoto na lini, kwa sababu hamna darasa la kipaimara la kuwakumbusha akifika miaka 13.

Na kama mmegawanyika kama sisi, tena kwa dhamiri, si kwa kubishana tu, basi ile tofauti ya mlango ndiyo ya kutazama. Anayeona ubatizo wa mchanga si ubatizo atabeba maisha yote tendo asiloweza kulifuta. Anayetaka maji atabeba kungoja, na kungoja kunauma, lakini kunaweza kuisha. Wakfu kwanza, kwa makubaliano yaliyosemwa wazi kwamba mtoto atafundishwa pande zote na hatazuiwa akiomba maji kokote. Najua mchungaji wangu asingeuandika ushauri huu. Alisema tu, "Birika haliondoki." Nilimshukuru.

Tukamweka wakfu. Mama yangu alipanda basi kutoka Same, akakaa kiti cha mbele na kitenge chake cha Umoja wa Wanawake wa Kilutheri, akanyoosha mkono pamoja na wote. Mama mkwe alimshika kiuno wakati wa maombi. Chakula kilikuwa kizuri.

Kesho yake alfajiri niliamka kwenda kazini nikamkuta mama uani, mtoto kwenye karai, anamwogesha. Alikuwa amenipa mgongo. Alichota maji kwa kiganja, akayamimina polepole juu ya kichwa cha mtoto. Akachota tena. Akachota tena. Midomo yake ilikuwa inacheza, na sabuni bado ilikuwa ndani ya kikasha chake, kavu.

Nikarudi ndani kutafuta viatu.